Mkataba Uliokwama na Mazishi Aliyoyakosa Maurine

Kabiria, Nairobi
12 Novemba 2023

Mpendwa Mjomba Zedekiah,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Geneva imeyahurumia magoti yako, na kwamba Auntie Debra anaona vizuri baada ya upasuaji wa jicho. Huku tu wazima. Mama presha yake imeshuka, ingawa chumvi hajaacha.

Uliuliza kwa nini Maurine, binti wa Baba Mdogo, haonekani kwenye picha za mazishi ya baba yake. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza kuandika, hasira inanishika.

Maurine alikuwa ameajiriwa kwenye nyumba moja mtaa wa Mountain View, akilala huko huko. Siku ya kwanza tu, mama mwenye nyumba alichukua kitambulisho chake, eti akiweke salama. Baba yake alipofariki, alipiga magoti jikoni akiomba ruhusa ya kwenda Kakamega. Akanyimwa. Watoto wangebaki na nani?

Nilienda mwenyewe kumwombea ruhusa. Yule mama alinijibu akiwa ndani ya geti: "Huyu ni kama mtoto wetu. Kwani mtoto huomba likizo kwao?" Nilimsikia Maurine akilia nyuma yake, kisha geti likafungwa. Tulimzika Baba Mdogo bila mtoto wake wa pekee.

Niliporudi Nairobi, niliingia ofisi moja mjini inayohusika na mambo ya kazi. Nilikuwa nimekumbuka ule mkataba wa kimataifa wa wafanyakazi wa nyumbani, unaosema mfanyakazi abaki na kitambulisho chake na awe huru kutoka siku yake ya mapumziko. Mjomba, si ulitupigia simu mwaka 2011, ukiwa kwenye ujumbe wa nchi yetu, ukasema mmeupigia kura ukumbini huko Geneva na umepita? Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza.

Afisa alinitazama kwa huruma. "Madam, kuupigia kura ni kitu kimoja, kuuridhia uwe sheria ya nchi ni kingine." Eti sheria zipitiwe kwanza. Eti wakaguzi hawatoshi, na nani ataingia nyumba za watu kukagua? Nikamuuliza ni sheria gani hiyo inayopitiwa miaka yote hii. Akashusha sauti: "Hata mimi niko na msichana wa kazi nyumbani. Wakubwa pia wako nao. Nani ana haraka ya kujibana mwenyewe?"

Nilitoka pale bila kuaga. Kumbe mkataba wa dunia nzima unaweza kukwama jikoni kwa mtu!

Jumapili iliyofuata nilirudi Mountain View na akina mama wa kanisa letu la Kangemi. Tuliimba mbele ya lile geti mpaka majirani wakatoka nje. Yule mama akafungua kwa aibu. Maurine akatoka na mfuko mmoja wa nguo. Kitambulisho hakurudishiwa, ameomba kingine. Sasa anaishi kwangu. Wiki iliyopita alikwenda kuliona kaburi, na tangu arudi haongei sana.

Sasa, Mjomba, nije kwa ombi lako. Unasema mnakuja Desemba, nikutafutie msichana wa kazi wa kulala hapo kwenu, "asiye na mambo mengi". Wewe, Mjomba! Wewe uliyekuwa kwenye ule ukumbi! Ninakuheshimu, lakini sitamtafuta mpaka uniandikie siku yake ya kupumzika, saa yake ya kulala, na kwamba kitambulisho chake kitakaa mfukoni mwake. Usiniambie kwamba serikali bado haijaridhia. Ndani ya nyumba yako, serikali ni wewe.

Mama anakusalimu, na Maurine pia, kwa sauti ndogo. Mwambie mwanao Quincy asisahau Kiswahili huko. Mungu awalinde njiani na awafikishe nyumbani salama.

Mpwa wako akupendaye, hata leo akiwa na hasira,
Naliaka