Printa ya Huzaifa Imekataa

Bwaise, Kampala
Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025

Kwa dada yangu Sitti, Kibera,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na nyumba yako yote, wakubwa kwa wadogo, hadi yule mjukuu ambaye bado sijamshika mkononi. Magoti yanasemaje? Yale mafuta niliyokupelekea unayapaka, au umeyafungia kabatini kama kawaida yako? Mimi huku ni mzima kabisa. Sukari yangu ya mwilini imetulia. Mvua ndiyo haijatulia. Wiki iliyopita maji ya mtaro yalifika mlangoni kwangu, yakachungulia ndani, yakarudi.

Utashangaa kupata mwandiko wa mkono kutoka kwa mwanamke mwenye kompyuta na printa chumbani. Ndiyo, vyote viwili ninavyo, na katika mstari wetu huu wa nyumba hakuna mwingine aliye navyo, hata yule mke wa mwalimu. Nimeandika kwa mkono kwa makusudi. Barua nampa Fadhul, yule shemeji yetu wa basi la Nairobi, akukabidhi mwenyewe. Kwenye simu nisingeweza. Ukishaniita tu "Bushira," mdomo wangu unaanza kujisifu wenyewe, unanijua.

Nianzie mwanzo. Mwezi wa nane Huzaifa alinitumia maboksi mawili kutoka Doha. Nilipoyafungua mlango nikauacha wazi, ili anayepita aone. Alisema nisikae bure tangu baba yake aondoke. Wanafunzi wa hapa watakuwa wakija niwachapie karatasi zao. Kompyuta iliwaka siku hiyo hiyo, nami niliyeishia darasa la sita ndiye niliyeiwasha. Wewe uliyefika sekondari umewahi kuwasha nini?

Printa ndiyo ilileta maneno. Kwanza niliipamba. Unajua siwezi kuacha kitu kipya uchi. Televisheni ina kitambaa chake, redio ya marehemu mume wangu Kamis ina chake, hata jagi la maji lina chake chenye shanga. Printa niliifumia kitambaa cheupe chenye maua ya kijani pembezoni, kikaifunika vizuri mpaka nyuma. Ijumaa Huzaifa akapiga simu ili tuiunganishe.

Dada, tuliongea kwa saa mbili nzima! Mtoto ambaye kwa mwezi hupiga mara moja, akauliza kama nimekula, akasema yuko mbioni, akakata. Siku hiyo aliniongoza kama kipofu. Akaniambia nichomeke waya nyuma ya kompyuta. Nikachomeka. Akauliza taa ya printa ina rangi gani. Nikamwambia ni ya chungwa na inakonyeza. Akauliza inakonyeza mara ngapi, nami nikamjibu kwamba sikumzaa ili nije kuhesabu makonyezo ya mashine. Akacheka! Alicheka kile kicheko cha baba yake, cha kuanzia puani.

Halafu tukafika mahali pa kusubiri. Kuna programu ambayo lazima iingie kwenye kompyuta ili imtambue huyo mgeni, na inapoingia kunatokea mstari wa kijani unaotambaa polepole. Hapo hakuna cha kubonyeza. Mnasubiri tu. Basi Huzaifa akaanza kusema, kwa kuwa hakuwa na lingine la kufanya. Akanieleza habari za Mkenya anayelala naye chumba kimoja, anayechoma chapati kwenye pasi. Akauliza kama bado natia karanga kwenye mchicha. Akauliza kaburi la baba yake lina majani kiasi gani, na kama nikiamka usiku naogopa. Mstari ukatambaa, nikauombea utambae polepole zaidi.

Siku ile printa haikukubali. Ilinguruma, ikakwama, taa ikabaki ya chungwa. Akasema nisijali, Ijumaa ijayo saa kumi tutaanza upya.

Ijumaa iliyofuata pia haikukubali. Wala ile nyingine. Sasa hapa Bwaise kila mtu anajua kwamba printa ya Mama Huzaifa imekataa. Jirani yangu Aber, yule mke wa polisi aliyetoka Kitgum, alikuja na mfano wa kadi za kwanjula ya binti yake, ile siku ya kumpokea mkwe na kutambulishana, akitaka nimchapie hamsini. Nikamwambia mashine haioni kompyuta. Akainua ile pembe ya kitambaa, akatazama chini yake kama anayetafuta jipu, akaniuliza mbele ya wanawake watatu kama nimenunua printa au nimenunua meza ya kitambaa. Wakaangua kicheko. Ikabidi aende mpaka Nakivubo, na siku hiyo mvua ilinyesha mpaka Bombo Road ikawa mto. Alirudi na viatu mkononi, kadi zimelowa, wino umetiririka juu ya jina la bwana harusi. Nilisimama mlangoni nikamtazama anavyozianika moja moja juu ya sanduku.

Mimi Bushira, niliyechekwa kwa ajili ya mashine, nikanyamaza. Najua umeshaanza kujiuliza. Huko kunyamaza si kwangu.

Sasa kunjua hiyo karatasi nyingine iliyo ndani ya bahasha. Itazame vizuri kabla hujaendelea. Ina rangi nne na maandishi ya Kizungu yanayosema kwamba printa imeunganishwa sawasawa. Soma tarehe iliyo juu yake. Ni Jumamosi, tarehe ishirini na tatu mwezi wa nane.

Ndiyo, dada. Ile Ijumaa ya kwanza ilikuwa tarehe ishirini na mbili. Kesho yake asubuhi nilitaka kukifua kile kitambaa, nikakivuta, hakiji. Mashine ilikuwa imekimeza. Pindo la nyuma lilikuwa limezama kwenye tundu la karatasi, maua mawili ya kijani yameng'ang'aniwa humo ndani. Nikayatoa taratibu kama unavyomtoa mtoto mwiba. Taa ikawa ya kijani. Nikabonyeza pale alipokuwa amenionyesha, karatasi ikatoka, nzuri, ya moto kidogo. Nikapiga vigelegele peke yangu humu chumbani. Halafu nikachukua simu nimpigie, jina lake likatokea, nikalitazama mpaka likazimika. Nikirudisha habari kwamba imekubali, atasema hongera mama, na Ijumaa hatapiga.

Tangu hapo, kila Ijumaa saa tisa na nusu huwa nachomoa waya nyuma ya kompyuta. Saa kumi anapiga, namwambia kompyuta haioni printa, na kweli haioni. Tunafuta ile programu, tunaiingiza upya, tunausubiri mstari. Ijumaa saba hizo.

Na kuna jingine, nilitoe lote. Nilikuandikia kwamba Huzaifa ni mkuu wa kompyuta huko. Huzaifa ni mlinzi, Sitti. Analinda ghala la kompyuta usiku kucha, asubuhi anafunga lango. Za printa hajui zaidi yangu mimi. Ijumaa iliyopita, mstari ukitambaa, aliniambia kwamba kila Alhamisi kabla ya zamu huenda kwa fundi mmoja Mhindi, akasimama nje ya duka akingoja afunge, ili amuulize makosa ya printa ya mama yake. Anaandika majibu kwenye daftari. Amejaza kurasa kumi na moja. Alisema hivyo bila kulalamika, kana kwamba ananisomea ripoti ya shule. Akasema hatanikatia tamaa mimi wala mashine.

Halafu akanyamaza katikati ya neno. Nikaita, haitiki. Nikaweka simu vizuri sikioni, nikamsikia anakoroma. Hiyo ndiyo siku yake pekee ya kulala, na mimi naitumia kuchomoa waya. Sikukata. Nilikaa kitini nikamsikiliza mwanangu akilala, dakika arobaini, kama alipokuwa mdogo amelala mgongoni kwangu nikipika, mpaka salio lake likaisha, simu ikakata yenyewe. Sijawahi kufurahi hivyo mwaka huu, wala kujichukia hivyo.

Ijumaa hii sitachomoa waya. Nitamwambia imekubali, na imekubali siku nyingi, na kwa nini nilinyamaza. Kadi za Aber nimeshamchapia upya, zote hamsini, nikamwambia mashine imepona. Amepita nazo mlango kwa mlango akiwaonyesha watu, nami nikajisifu kidogo, siwezi kukudanganya.

Sasa nakuomba, na unajua miaka yote hii nimekuandikia habari za kujivuna tu, sikuwahi kukuomba hata chumvi. Ijumaa, Huzaifa akishanisikia, simu yangu itakuwa kimya. Labda atakasirika, labda atasema hongera mama akakata. Naomba unipigie wewe. Saa kumi na moja. Najua nyumba yako imejaa watu na kelele. Usiwanyamazishe, waache nao niwasikie. Usiniulize amesema nini. Niulize tu taa ina rangi gani, nami nitakuangalizia.

Wasalimie watoto wote kwa majina yao. Mwambie mjukuu nimemwanzia kitambaa chake. Mafuta upake asubuhi na jioni. Fadhul usimruhusu kuondoka bila kula, amekonda.

Ni mimi mdogo wako,
Bushira, Mama Huzaifa

Namba yangu ni ile ile. Nimeiandika tena nyuma ya karatasi ya rangi, usije ukasema umeipoteza.