Tangazo la Tatu

Lupiro,
13 Mei 2024

Shangazi Apolonia,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Kibaoni, na mguu wako unaendeleaje? Huyo mwanao Evod amekupeleka kwa daktari au bado anaahidi tu? Mimi ni mzima.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kama unavyotaka siku zote, maana unasema kwenye simu naweza kukudanganya ila mwandiko wangu haudanganyi. Haya, utazame.

Jana kigangoni tumetangazwa mara ya kwanza, mimi na Beatus. Katekista akasoma majina, akasema anayejua kizuizi cha ndoa hii aseme, nami nikajikuta nimeinamisha kichwa kama mwizi. Beatus hajui kitu. Anaona nakunywa kidonge kila jioni, nikamwambia ni cha presha. Presha, na miaka yangu ishirini na tisa! Akaamini, maskini, mpaka chumvi amepunguza.

Nataka kumwambia kabla ya tangazo la tatu. Kwamba kidonge ni cha baipola, si cha presha, na kwamba nimelazwa mara mbili wodi ya wagonjwa wa akili. Ila kuna jambo linanichanganya. Siku hizi naimba nikipepeta, nacheka peke yangu njiani. Ndivyo wanavyokuwa wachumba, au ndiyo inaanza? Sijui tena kutofautisha. Wewe umenilea, niambie.

Mwanao,
Kandida

Kibaoni,
16 Mei 2024

Mwanangu Kandida,

Marahaba. Milele amina. Mguu upo, asubuhi unauma, mchana unasahau. Evod bado anaahidi.

Mwandiko nimeutazama, umenyooka, namshukuru Mungu. Lakini hilo la kumwambia liache. Umesahau mwaka ule uliposimama kanisani, wakati wa maombi ya waamini, ukaanza kutaja nani anaiba mpunga wa nani na mtoto wa nani si wa nani? Siku ile pia ulisema umebanwa na ukweli. Sasa leo ukiniambia unataka kusema ukweli, mimi naishiwa nguvu.

Watu wa hapa mpaka leo wanajua malaria ilikupanda kichwani. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kusema hivyo. Huko Lupiro hawajui hata hilo. Wakijua, hutaitwa Kandida tena, utaitwa yule chizi wa Beatus, na ukigombana na mumeo kwa jambo dogo tu, watasema imeanza. Olewa kwanza, mengine yatafuata.

Unalala saa ngapi? Hukuniambia.

Shangazi yako,
Apolonia

Lupiro,
20 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo, mzima? Mimi mzima sana sana! Tangazo la pili limepita. Nimeamua, namwambia Beatus Jumamosi, usinizuie. Na usiulize habari ya kulala, watu tunavuna, nitalala mpunga ukiisha. Nina furaha mpaka naogopa. Boda wa kubeba barua anaondoka!

Mwanao K.

Lupiro,
27 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, nikangoja ipoe isije ikaonekana ni ugonjwa. Unaona nilipofikia? Hata hasira naiombea ruhusa.

Jumatano Evod alipofika na rafiki yake, tulikuwa tunapiga mpunga, ukoo mzima wa Beatus upo pale, mama yake kashika ungo. Hata salamu hakutoa. Akasema kwa sauti, "Dada, mama kasema twende hospitali, mwandiko umeharibika." Nikacheka, nikidhani utani. Kumbe kucheka ndiko kulikoniponza. Wakanishika mikono, mmoja huku mwingine huku, wakanipakia mishikaki kwenye pikipiki, mimi katikati yao.

Shangazi, barua ile niliiandikia juu ya gunia la mpunga, nimesimama, boda anapiga honi. Mwandiko gani ungenyooka?

Muuguzi alinihoji, akahesabu vidonge vyangu, akasema kwa sasa siumwi, ila nisikeshe shambani. Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Siumwi, au nilikuwa naelekea huko? Sijui kama ulinikosea au uliniwahi. Nakasirika, halafu nakushukuru, halafu nakasirika tena.

Ila wewe uliyesema nifiche ndiye uliyenitangaza. Sikupata nafasi ya kumwambia Beatus kwa mdomo wangu. Hilo linaniuma mno.

Mama yake anataka harusi isogezwe mbele, maana yake ife. Beatus akaenda mwenyewe kwa katekista, na jana tangazo la tatu likasomwa. Kanisa zima likageuka kunitazama. Hakuna aliyetaja kizuizi. Tulipotoka nilimwuliza kama ananipenda au ananionea huruma. Akasema naye hajui bado, amechanganyikiwa, na ile presha imemkera. Halafu akauliza, "Ukiumwa, mimi nifanye nini?"

Nikiumwa mimi huwa sipo, Shangazi. Wewe ndiye uliyekuwepo. Mwandikie.

Mwanao,
Kandida

Kibaoni,
30 Mei 2024

Kandida mwanangu, na Beatus,

Hamjambo? Mimi sijambo. Barua hii someni pamoja.

Nimeandika mara tatu nikachana. Mara ya kwanza nilikuta kalamu yenyewe imeshaandika malaria.

Kandida, nisamehe. Si kwa kukupeleka hospitali, hilo ningelirudia. Ni kwa kumtuma Evod. Ningeweza kuja. Niliona aibu kuonekana.

Beatus, anaanza kwa kutolala. Siku ya tatu usingoje ya nne. Anagawa vitu, aliwahi kumpa jirani kitanda changu. Usimbishie, na usimfungie mlango. Mimi nilimfungia, na mpaka leo akisikia komeo anashtuka. Mpeleke hospitali mkitembea kama watu wanaokwenda sokoni. Baadaye anashuka. Analala wiki nzima, hataki kuoga, anasema yeye ni mzigo. Hapo ndipo watu huondoka, maana hakuna cha kutazama. Usiondoke hapo.

Mengine sijui. Miaka saba nimejifanya najua.

Na mwisho ni hili, ambalo sijamwambia hata padri. Nilimwambia Kandida aolewe kwanza si kwa kuogopa maneno ya watu tu. Nimechoka. Nilikuwa natafuta mtu wa kumkabidhi kabla mtu huyo hajauliza anapokea nini. Nampenda mtoto huyu na nimechoka naye, yote mawili, wala sijui lipi linatangulia.

Kwa hiyo, Beatus, kama utaona huwezi, sitakulaumu. Lakini usimwambie yeye kwanza. Niambie mimi, nije nikae naye siku hiyo utakapomwambia.

Shangazi yenu,
Apolonia