Ua Lililoachwa Wazi

Jumatatu, 11 Machi

Leo kazi tamu! Amekuja bwana mmoja kutoka Nurota, Elmurod, suzani imeviringishwa ndani ya shuka. Nimeitandaza mezani — uzuri ulioje! Kitambaa cha ukutani cha bibi arusi, maua mekundu mapana kama sahani, vipande vinne vilivyotariziwa na mikono minne kisha vikaunganishwa. Ni cha nani? Hajui. Mama yake kamwambia tu: ipeleke makumbusho Bukhara, waulize kaishona nani.

Eti nani! Bibi huyo anadhani nyuzi zina majina.

Rangi za mizizi, hariri ya zamani kabisa. Miaka mia na thelathini, nimesema bila kupepesa. Kwenye kona ya kipande cha kushoto ua moja halijamalizwa — ndivyo tunavyoacha siku zote, ili nyumba isikose arusi nyingine. Nimeandika: limeachwa kwa makusudi, kwa desturi. Mkurugenzi anaitaka kwa maonyesho ya Navruz, sikukuu yetu ya mwaka mpya. Jicho langu bado kali!

Jumanne, 12 Machi

Nimeigeuza nyuma. Afadhali nisingeigeuza.

Mishono ya kipande cha kushoto inakwenda kinyume. Aliyeshona alitumia mkono wa kushoto. Sawa, wapo. Lakini mafundo! Uzi umezungushwa mara tatu, ncha ikafichwa chini ya mshono. Fundo hili nalijua. Lilikuwa kwenye vifungo vya koti langu la shule, alivyoshona mama.

Haiwezekani! Mama ni yatima, kalelewa nyumba ya mayatima baada ya vita, hana ndugu Nurota wala popote. Na kutarizi hajui. Maisha yetu yote ametuambia: mimi ni vifungo tu. Halafu miaka mia na thelathini — mama ana themanini na moja!

Jumatano, 13 Machi

Mama amekata karoti za pilau. Mkono wa kushoto. Kama siku zote.

Alhamisi, 14 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimemleta mama kazini, kwa kisingizio cha chai. Ameiona suzani, akasimama kama aliyepigwa kofi. Nami, kwa ulimi wangu huu, nikajitia utaalamu — nikaanza kumweleza lile ua lililoachwa kwa desturi.

"Desturi gani!" akasema. "Hilo niliacha nikikimbia."

Mungu wangu.

Yote yakamtoka. Si yatima. Alikuwa mchumba wa mtu, hukohuko Nurota. Walishona wanne: yeye, mama yake, shangazi wawili. Hariri ilikuwa haba miaka ile, wakafumua suzani ya bibi yao na kutumia nyuzi zilezile. Ndiyo maana rangi zikanidanganya, mimi na jicho langu! Wiki ya arusi akapanda lori la baba yangu, wakatoroka, hakurudi. Alimwacha mdogo wake, Hosiyat, wa miaka kumi na tano.

Nimeuliza: wakamfanyaje huyo mdogo? Eti hajui. Hakuwahi kuuliza. Miaka yote hii! Nimemkasirikia, kisha nikalia kama mtoto.

Nimempigia Elmurod. Mama yako anaitwa nani? Hosiyat. Na marehemu baba yako? Akanitajia. Mama amefunika uso kwa kitambaa cha kichwa.

Walimweka mdogo mahali pa dada. Bwana yuleyule, arusi ileile, chini ya suzani hii hii.

Nina mama mdogo. Nina umri wa miaka hamsini na sita ndipo naambiwa nina mama mdogo!

Ijumaa, 15 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la korido ya makumbusho.

Asubuhi mama kaja mwenyewe, sindano kaichomeka kwenye kola. Nikamwambia Elmurod kapiga simu, mama yake yuko njiani, kakataa kubaki nyumbani. Mama akasema, "Nipisheni kwanza." Nikampisha, nikamwacha chumbani peke yake na suzani.

Sasa Hosiyat kakaa kando yangu. Mfupi, kidevu cha mama kabisa! Hakunikumbatia.

"Yumo?"

"Yumo, mama mdogo."

"Kazeeka?"

"Sana."

"Afadhali."

Hataki kuingia. Elmurod kamsihi, akafukuzwa kama kuku: "Nenda kakae garini, wewe!" Kisha kafungua pochi, katoa uzi mwekundu uliokunjwa kwenye karatasi. Ulibaki kwenye sindano ya dada yake siku ile.

"Kila nilipomwoza mtoto, wakwe walinishikisha sindano: lile ua, malizia. Nikakataa," ameniambia. "Nilimmalizia dada kila kitu kingine. Nilimpikia mumewe, nikamzalia watoto, nikamzika. Mpe. Hilo ua ni lake."

Nimeuchukua. Mwepesi, kama hakuna kitu mkononi.

Nimegonga mlango. Nimegonga tena. Nimesema, mama, ni mimi, nimeleta uzi wako.

Kaufunga kwa ndani.

Nyuma yangu Hosiyat kainuka kutoka kwenye benchi, anaujia mlango.