Leso Tatu za Buluu

Shieywe, Kakamega

Dada Mwajuma,

Shikamoo dada yangu. Natumai barua hii itakukuta umekaa, maana nakujua, utaisoma umesimama mlangoni na ufagio mkononi. Shemeji hajambo? Watoto hawajambo? Mguu wa kaka Idi umepona, au bado anachechemea na kusema umepona? Mimi mzima. Nakula, nalala, naamka, nasuka watu nywele. Ukiniuliza zaidi ya hapo sina la kukujibu, na si kwamba nakuficha.

Najua utashangaa, siku hizi nani anaandika barua. Lakini kwenye simu nikinyamaza unadhani mtandao umekata. Unaanza "haloo, haloo", nami nashindwa kukwambia kwamba nipo, nimenyamaza tu. Kuna mama mmoja wa Babati anauza viatu vya ngozi sokoni hapa. Kesho anarudi huko kuchukua mzigo, na amesema atafika mpaka Kondoa, ataiacha barua dukani kwa shemeji.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Umesema siku ya arobaini mtagawa nguo za mama, kila mtu ameshataja anachotaka, nimebaki mimi. Ukataja vitenge viwili, lile sweta la kijani nililomtumia, kanga zake za kila siku, na ile doti mpya ya kanga uliyoikuta chini ya sanduku, haijakatwa wala kupindwa. Halafu mwishoni, nadhani ulikuwa umesahau kuachia kidole, nikakusikia unamwambia mtu, "Huyo hata chozi hakutoa." Sina hakika kama ulitaka niyasikie hayo. Nimeyasikia mara nyingi, maana kila nikitaka kusikia orodha ya nguo lazima nifike na hapo.

Ni kweli, dada. Sikutoa, si kwenye simu wala baadaye. Na kuna jambo nilikudanganya ambalo nitakwambia humu ndani, lakini nianze na nguo, kwa sababu mambo yote haya yamenikuta nikitafuta nguo.

Unakumbuka nilivyokuwa nakusimulia shida ya kununua nguo huku. Kiswahili ni kimoja lakini nguo zao wamezipa majina yao. Mwaka wa kwanza nilisimama mbele ya meza ya mitumba nikasema, "Naomba lile gauni." Yule mama akamtazama mwenzake. "Anaomba," akasema, "hapa tunauzanga, sista, hatupeani. Na gauni si ni ile watu huvaanga wakimaliza chuo?" Wakacheka, nikacheka. Jina langu nalo huwachekesha. Nikisema naitwa Tatu wananiuliza wale wawili wako wapi. Nawajibu wako Kondoa, wakubwa zangu, mmoja mkali na mwingine mguu mbovu.

Basi siku ile kaka Idi alipopiga simu alfajiri, akasema mama hayupo na watamzika baada ya swala ya alasiri, nilihesabu njia. Nairobi, Namanga, Arusha, Babati. Siku mbili. Nisingewahi hata ningeota mbawa. Huku mtu akifa hukaa mochari wiki, wengine wiki mbili, watu wanafanya mikutano, hata aliye mbali sana anafika. Sisi kwetu ni siku ile ile. Sisemi ni vibaya, ndiyo dini yetu na ndiyo sitara ya maiti. Nasema tu kwamba nilihesabu njia.

Nikakata tiketi ya basi la jioni, nikitarajia kuwahi angalau watu wakiwa bado wamekaa msibani. Nilipokuwa napanga begi nikaona sina gauni refu la heshima. Yote niliyonayo ni ya saluni, yamejaa rangi za nywele na dawa. Nikaenda sokoni. Mvua ya mchana ilikuwa imeshanyesha kama kawaida ya hapa, watu wanafunua maturubai. Nikafika kwa dada mmoja anaitwa Nanjala, muuzaji wangu wa siku zote. Nikamwambia nataka nguo ndefu, nyeusi au ya rangi iliyopoa. Akafukua, akatoa moja, akanitupia mikononi na kusema, "Shika hii linda, nakuja." Akaondoka mbio.

Nami nikalinda. Dada, nilisimama mbele ya ile meza kama askari. Nilidhani kaenda chooni au kutafuta chenji. Wateja walikuja, nikawaambia mwenyewe hayupo. Mmoja alitaka kushika sketi nikamtoa mkono. Nilisimama pale muda mrefu, na hiyo nguo nimeikunja kwapani. Nanjala aliporudi na kioo alichokwenda kuazima akaniuliza, "Mbona hujajaribu?" Nikamuuliza kujaribu nini. "Si hiyo linda."

Kumbe rinda. Huku gauni ni rinda, na wengi wao herufi za ra na la huzibadilisha tu. Alinipa gauni nilishike nijipime, mimi nikalinda meza. Alicheka akakaa chini, akawaita na wenzake wa meza za jirani, nikasimuliwa pale huku nimesimama. Mimi nilikuwa natazama simu. Saa kumi na robo. Nikajua saa hiyo mama anaingizwa kaburini, na mimi nalinda mitumba ya watu. Nilingoja nisikie kitu, dada. Nilingoja kifuani, nilingoja kwenye koo. Sikusikia kitu. Nikauliza bei, nikalipa, nikashukuru.

Jioni nilifika stendi na begi langu na gauni nimelivaa. Basi likaja, wakataja Nairobi, watu wakapanda. Sikupanda. Hiki ndicho nilichokudanganya. Nilikwambia hati yangu ya kusafiria imekwisha muda. Haijaisha, ipo hapa ndani ya kabati, ina miaka mbele yake. Sikupanda kwa sababu uso wangu ulikuwa mkavu. Niliwaza nitakavyoingia uani, nyinyi wote mnanitazama, shangazi anaanza kulia upya kwa kuniona, na mimi nimesimama mkavu kama gunzi. Niliona aibu. Nikarudi Shieywe kwa miguu, nikavua gauni, na kesho yake nikaenda kazini kama kawaida. Mtu alitaka rasta ndogo ndogo, tulimaliza saa kumi na moja.

Unaweza kunikasirikia. Ningekuwa wewe ningenikasirikia.

Sasa, mwenye saluni, yule Mama Melvin ninayekutajia kila mara, naye alifiwa na mama yake siku chache baada yetu. Kwao ni Matete, kaskazini huko kwenye mashamba ya miwa. Mimi msiba wangu sikumwambia mtu. Sijui kwa nini, labda kwa sababu ningeutaja wangetegemea nilie. Mama Melvin alikuwa akija saluni, anakaa, analia, anajifuta, anapokea simu za michango, analia tena. Mimi naendelea kusuka. Nilimwonea wivu, Mungu anisamehe.

Wanawake wa saluni tukapanga kwenda mazishini pamoja. Everlyne, tunayesuka naye kiti kwa kiti, akatangaza, "Tumeagana kila mtu akuje na leso yake. Rangi ni buluu. Usikose, Tatu." Mimi nikaona hawa watu wana mpango mzuri kweli. Wanajua watalia sana, wameamua kila mtu abebe kitambaa chake cha kujifutia, na kiwe sare. Nikaenda kwa yule anayetandaza soksi karibu na geti la soko, nikaona pakiti ya vitambaa vitatu vya buluu, vina mstari mweupe pembeni. Sikusema jina, nilinyoosha kidole. Nilichukua pakiti nzima, nikasema kama kuna atakayesahau nitamgawia.

Wewe ungeshajua, maana shemeji amekaa sana Mombasa. Tulifika Matete, watu wamejaa uani, turubai, nyimbo za kanisani. Tukajikusanya nyuma ya jiko. Wenzangu wakafungua mikoba, kila mmoja akatoa kanga ya buluu, akajifunga kiunoni. Wote wakanigeukia. Everlyne akasema, "Leso yako iko wapi?" Nikatoa pakiti. Nikaichana kabisa mbele yao, nikainua kimoja juu waone. "Hii hapa," nikasema, "na nina mbili za akiba."

Walijitahidi, dada. Walijua ni matanga, na marehemu yuko pale mbele. Mmoja aligeukia ukuta. Everlyne alishika mdomo mpaka machozi yakamtoka, na mpishi akatoka jikoni kuuliza nani amezidiwa. Mama Melvin akasikia akaja, macho yamevimba. Wakamwonyesha. Akatazama leso zangu, akanitazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu afiwe. Halafu kicheko kikageuka kilio, akachukua ile leso mkononi mwangu akapenga makamasi.

"Hii nayo imesaidia," akasema.

Nikamwambia, "Nisamehe, mama. Kwetu hii ndiyo leso. Hizo tunaita kanga. Mama yangu alikuwa nazo sanduku zima."

"Alikuwa?" akauliza.

Nadhani ndiyo mara ya kwanza nililisema neno hilo. Nikamwambia ndiyo, alikuwa, tumemzika mwezi huu. Everlyne akaanza, "Na wewe unasukanga tu huko saluni kila siku." Mama Melvin akamnyamazisha kwa mkono. Akaingia ndani ya nyumba, akarudi na kanga ya mama yake, si ya buluu, ni ya manjano iliyopauka, akanifunga kiunoni mwenyewe, akakaza fundo.

"Mimi sijalia," nikamwambia. Nilitaka ajue asije akangoja.

"Wengine hulianga siku ya kwanza, wengine hata miaka mbili ikiisha," akasema. "Hiyo hatukuulizi. Lakini leso unafunga."

Nikasimama nao mpaka mwisho na ile kanga ya mama wa mtu mwingine. Imeandikwa maneno, nikayasoma nilipofungua. Nikamkumbuka mama yetu asiyejua kusoma, anavyochagua kanga kwa rangi. Unakumbuka siku wakwe zako wanaleta posa, akawapokea mlangoni na "Mwenye Wivu Ajinyonge", imemkaa vizuri kabisa mgongoni. Ukamvuta chumbani ukamsomea. Akakuuliza, "Kwani rangi nayo imesema nini?" Akatoka nayo hivyo hivyo, na shemeji akakuoa. Nimeikumbuka hiyo nikiwa nakunja kanga ya watu kule Matete, na nilisikia kitu kidogo, hapa chini ya mbavu. Kidogo tu. Kikapita.

Basi jibu langu ni hili. Vitenge na kanga za kila siku wape walioishi naye jirani, wanaomjua. Sweta mpe shangazi, baridi ya mwezi wa sita haimwachi. Ile doti mpya usiikate. Kanga huuzwa mbili kwa pamoja na mama alijua ana mabinti wawili, sihitaji mtu anieleze. Hukusema imeandikwa nini, na naomba usiniambie. Nakuja kuisoma mwenyewe. Mama Melvin anarudi saluni Jumatatu na ameniruhusu, tiketi nimekata, na safari hii nimemwomba Everlyne anisindikize mpaka ndani ya basi, anikalishe kitini. Nitafika kabla ya arobaini. Nitafika na uso huu huu. Kama utaweza kunipokea nao, tutakata doti pamoja, wewe ushike huku na mimi huku.

Nisalimie shangazi yetu, mwambie asijihangaishe kuandaa kitu. Nisalimie kaka Idi na mguu wake. Nisalimie shemeji, mwambie sijambo na nimesikia Kiswahili chake cha Mombasa kinavyofaa. Wanao wabusu mmoja mmoja. Na yule bibi jirani aliyemwosha mama, mpelekee salamu zangu peke yake, mwambie nitakwenda kumwamkia kwake.

Ni mimi mdogo wako,

Tatu

Nusura nisahau. Humo ndani ya bahasha utakuta leso moja ya buluu, ni yako. Ya kwanza alibaki nayo Mama Melvin. Ya tatu ni yangu, iko hapa mezani nikiandika. Bado kavu. Nakuja nayo.