Uwanja wa Babako

Kapseret,
Oktoba 1986.

Baba Kiplimo mpendwa,

Huku tuko wazima wote, ila Kiplimo ana homa kidogo. Yule ng'ombe mweusi amezaa dume, na mahindi tumeanza kuvuna.

Barua yako ya kutoka Mombasa niliisoma. Unasema ndege ya mwenyekiti wa ushirika wetu ni ya kunyunyizia ngano dawa tu, na rubani wake anajipangia mwenyewe njia na mafuta. Kwa hivyo kazi yako ya kuwapangia marubani safari, hapa nyumbani haipo. Nililia, lakini nimeelewa.

Shida ni Mzee, babako. Mwenyekiti alimwahidi kwamba uwanja wa ndege ukiisha, wewe ndiye utaajiriwa. Akatoa malisho yetu bure yawe uwanja huo, akachinja kondoo, akaita wazee wa ukoo wakaibariki hiyo kazi yako kwa maziwa ya mursik. Sasa kila asubuhi anafukuza ng'ombe wake mwenyewe wasikanyage uwanja wa mtoto wake.

Nilijaribu kumweleza. Akanikatiza: "Jelagat, wazee wamesema. Nani atawarudisha waseme tofauti?"

Juzi mwenyekiti alimwambia uwanja bado ni mfupi. Leo Mzee ameng'oa seng'enge mpaka karibu na jiko langu, halafu akaja akaniambia kwa furaha, "Andika umuulize mwanangu kama hapo panatosha ndege zake, ama tubomoe na nyumba."

Ananingojea hapa mlangoni nimalize kuandika.

Wako,
Jelagat