Kompyuta ya Rajabu Haiombi Kode Tena

Kigali, Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa mama yangu mpenzi, Mama Rajabu,

Shikamoo mama. Goti linaendeleaje? Natumaini wifi amekunyang'anya ile ndoo na umekubali kuketi. Sisi hapa Rwezamenyo ni wazima. Zuhura anasoma vizuri, na akikasirika anakunja uso kama baba yake. Mimi nimerudi kwenye duka la vitenge kule Muhima tangu nilipotoka eda, na wateja hawakunisahau.

Shemeji Hamisi aliniambia unatamani kusikia sauti ya mwanao. Unataka zile video za Idi uliyokuja kwetu, Rajabu alipojitia kukaanga sambusa zikaungua, ukamfukuza jikoni kwa mwiko. Nimekaa kimya, labda ukadhani nimepuuza. Sikupuuza, mama. Zilikuwa hazifunguki, nami niliogopa kukwambia kwamba pengine zimepotea.

Kompyuta ya nyumbani Rajabu aliifungulia akaunti ya mtandaoni, iliyofungamana na barua pepe yake na namba yake ya simu. Video alizihifadhi huko mtandaoni ili kompyuta isijae. Alipokuwa hai hatukuona tatizo. Baada ya mazishi, tulikubaliana wote Hamisi achukue simu, naye akaifuta ili aitumie. Laini akaniachia. Nikaiweka kabatini, nikaingia eda. Miezi ile sikutoka, na nani angewaza kuiwekea salio laini ya marehemu? Ikafungwa, namba akapewa mtu mwingine.

Nilipotoka eda nikawasha kompyuta. Ilifunguka, maana tarakimu zake za kufungulia nazijua. Video nikaziona zimejipanga, ila kila moja ina alama ndogo ya wingu, na nikiigusa, kompyuta inataka kwanza nithibitishe kuwa mimi ni Rajabu. Eti kode imetumwa kwenye simu yangu. Simu ipi, mama?

Nikaona dawa ni kuiondoa ile akaunti ya mtandaoni na kuweka ya humo humo ndani ya kompyuta, isiyoulizia simu ya mtu. Kwa bahati nikapita kwanza kwa fundi mmoja jirani na duka.

"Mama Zuhura, usiguse!" akasema. "Hizi zenye wingu hazimo humu. Unaona majina tu. Ukibadilisha sasa, unaziacha huko huko. Tafuta kode kwanza."

Basi nikaipiga namba ya mume wangu. Akapokea mwanamke. "Allô? Ninde?" Yaani nani mwenzangu. Nikamweleza, nikamwomba anisomee kode itakayomfikia.

"Hapana, mama," akasema. "Kwa simu mimi sitoi kode. Iko wezi mingi. Kama ni kweri, kuja hapa Gisimenti nikuone na macho."

Nilikasirika, kisha nikaona ana haki. Hata mimi nisingetoa. Nikabeba kompyuta nikamfuata. Ana mgahawa mdogo, anachoma mishikaki ya mbuzi na ndizi, watu wanamwita Mama Keza. Nikaiwasha mezani kwake, picha ya Rajabu ikatokea. Akafuta mikono kwenye aproni, akaitazama sana.

"Huyu ndiye mwenye namba?"

"Ndiye."

"Wihangane," akanipa pole. Halafu akasema, "Iko mama moja wa Tanzania alikuwa anapiga. Anaita Rajabu, Rajabu. Mimi sikukata. Niliacha aongee mpaka anyamaze."

Mama, sikumuuliza ni nani. Kama ulikuwa wewe, usione haya. Mimi niliipiga namba ile siku nyingi nikiwa kwenye eda, nikijua imezimwa.

Kode ilipoingia akanisomea tarakimu mojamoja, akarudia. Nikazishusha video zote kwenye kompyuta pale pale, moshi wa mishikaki ukituingia machoni, naye akaniletea chai bila kuniuliza. Ilipofunguka ya kwanza, Rajabu akakohoa kidogo kama alivyokohoa kila mara kabla ya kusema jambo. Mama Keza akapunguza redio ya wateja. Mteja mmoja akalalamika, naye Mama Keza akamwambia, "Wewe kula, nyamaza."

Sasa kompyuta nimeipanga upya. Akaunti ya Rajabu nimeifanya ya humo ndani tu, kwa neno la siri ninalolijua mimi na Zuhura. Hamisi hakupenda.

"Shemeji, siku hizi nani anaweka vitu ndani ya kompyuta? Ikiibiwa je?"

"Ikiibiwa nitalia, shemeji. Lakini nikiwa nayo, sitaki kupiga hodi kwa mtu ili niingie nyumbani kwangu."

"Haya, umekuwa fundi. Uje Mwanza unitengenezee redio."

"Kwanza nirudishie simu uliyoifuta."

Tulicheka, mama, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Lakini neno lake la wizi nimelizingatia, na nikilisahau neno la siri hakuna wa kunitumia jingine. Kwa hiyo nimenakili kila kitu kwenye flashi mbili. Zuhura ana akaunti yake mwenyewe, na hiyo nimemwachia ya mtandaoni, kwa sababu shule inamtumia kazi huko. Ila ameweka namba yangu pamoja na yake. Nimeridhika. Kila mmoja ana chumba chake, na kila chumba nakijua kinavyofunguliwa.

Flashi moja ni yako. Anakuja nayo Tabora jirani yetu wa hapa, yule mama muuza viatu uliyempenda. Wifi aichomeke kwenye televisheni. Haihitaji mtandao wala kode.

Nisalimie wifi na wanawe, mjomba wa Rajabu aliyesimamia dua, na jirani yako anayekuchotea maji. Zuhura anakuamkia, na anasema umwekee asali.

Ukiitazama ile ya sambusa, utamwona Rajabu, utajiona na wewe na mwiko wako. Kuna mtu anayecheka mpaka picha inatikisika, na haonekani kwa sababu ndiye aliyeshika simu. Ni mimi, mama. Unikumbuke na mimi.

Mkazamwanao,
Mwajuma