Moyo wa Kenge wa Kaltuma

Jumanne, 1 Machi 1983
Dima hakuota jua leo. Kenge asiyeota jua, hapa Isiolo! Tangu mke wangu Kaltuma amwokote kisimani, akiwa na urefu wa kalamu, hutambaa hadi kizingitini kila asubuhi. Leo alibaki chini ya kitanda, koo limevimba, akihema mdomo wazi. Kaltuma alimpa nyirinyiri — nyama kavu ya kwenye samli, tunayowawekea wageni wa heshima. Hakula. Nilisema ni uvivu. Sikuamini nilichosema.

Alhamisi, 3 Machi 1983
Bwana mifugo, Mathenge, alipita jioni. Kwanza alicheka. "Mzee, mimi nilisomea ng'ombe. Hii ni mamba ndogo!" Kisha akaweka kipimo kifuani mwa Dima, akasikiliza. Moyo unapiga ovyo, alisema. Damu haisukumwi vizuri, ndiyo maana maji yanajaa kooni. Anakula nini? Kaltuma akajibu kwa fahari: nyirinyiri, tangu utotoni. Mathenge akashika kichwa. Mafuta yote hayo! Huyu ni wa panzi na mayai. Akaagiza apumzike, wala asishtuliwe kwa lolote — moyo huo hautastahimili.
Kaltuma alilia jikoni. "Baba Maryan, kumbe nimemwua kwa heshima."
Nilimwambia hajafa. Nilipaswa kusema zaidi.

Ijumaa, 4 Machi 1983
Amemeza yai! Kaltuma aliimba akifua. Baada ya swala, jirani yetu Awale akapaza sauti mbele ya watu: "Mwalimu, mgonjwa wako ameshaomba uji?" Wakacheka wote. Nilipita dukani, nikanunua mayai mengine.

Jumapili, 6 Machi 1983
Koo limevimba zaidi. Yai la jana halikuguswa. Shemeji yangu Jarso amefika na ngamia wake kutoka Sericho. Anasema uvimbe huchomwa kwa chuma. Ngamia wake hupona hivyo. "Mwalimu, wewe ngoja kitabu. Mimi nachoma." Chuma kiko motoni. Nilimkumbusha Kaltuma maneno ya Mathenge. Akasema kumsikiliza Mathenge ni kukaa tu na kumtazama Dima akifa. Huenda ni kweli.

Nimempakata Dima. Mimi, niliyekataza asikanyage kiti hiki! Moyo wake nausikia pajani — unapiga, unasita, unapiga. Naandika kwa mkono mmoja. Jarso anaita kutoka uani: chuma kimekuwa chekundu. Kaltuma amesimama mlangoni, ananitazama.

Sijainuka.